Swali Namba Douze

Kadutu, 6 Mei 2024

Maman yangu Mélanie,

Maombi akikufikishia hii bahasha, usimulaumu kama inanuka. Nimeona kwa macho yangu ameisukuma chini ya sambaza zake, zile samaki ndogo za kuuza huko Mudaka. Nilimuomba anawe mikono kwanza, akanicheka mbele ya watu.

Mimi niko mwezi wa saba, na dokta amenilaza: sishuki kitanda mpaka nizae. Na wewe tangu wakuibie telefone sokoni hujapata ingine. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Ndani utakuta fomu. Ni ya kazi yangu ya mwisho wa masomo ya saikolojia. Profesa wetu anasema mutu mukubwa ni mutoto aliyevaa nguo ndefu: vile alinyonya, vile aliachishwa ziwa, vile alifundishwa choo, njo vile atapenda na vile atachukia. Na kila mwanafunzi anaanza na nafsi yake. Maswali iko makumi mbili na moja, juu ya utoto wangu. Jina langu halionekani, naitwa namba sept tu, yaani saba. Mihuri ya shule iko chini.

Ninakuomba kitu kimoja: usifiche. Mambo mazuri hayasaidii sana dosiye. Yale mabaya, yale mazito, njo yanasaidia.

Bwana yangu Cédric anakusalimia.

Mutoto wako,
Colombe


Mudaka, 11 Mei 2024

Mutoto wangu Colombe,

Nimepokea. Paka wa jirani amefuata barua yako mpaka chumbani.

Sasa maswali yako. Kifaransa chake ni cha kuvunja meno, kwa hiyo nimeenda kwa Papa Donatien, yule mwenye kutujazia fomu zetu zote tangu vita ya kwanza. Namba moja mpaka onze tumekwenda vizuri. Tukafika namba douze, ile ya kumi na mbili. Akanisomea: "Mutoto alifundishwa choo akiwa na umri gani, kwa njia gani, na mama alijisikia namna gani mbele ya mavi yake?" Yesu Maria! Nilitoka inje, nikatema mate. Watu wazima, wenye miwani, wanakaa kwa meza kuandika swali la namna hiyo? Papa yako angekuwa hai angeichoma. Mavi ya kale hayanuki, wazee walisema, na nyinyi munayachokoa na kijiti mupate harufu.

Lakini umeomba mambo mazito, umepata mambo mazito. Donatien anajua kazi yake. Alinisomea yote, na mimi nikatia sahihi.

Tuyaache hayo. Nimeanza kukusanya mafuta ya ngombe ndani ya kibuyu. Mutoto akizaliwa, ni mimi nitamuogesha siku kumi na ine, nitamupakaa, nitakukanda na wewe na maji ya moto, vile mama yangu alitufanyia mimi na wewe. Niambie siku tu, nifunge nyumba.

Mama yako,
Mélanie


Kadutu, 21 Mei 2024

Maman,

Nimesoma fomu mara ine. Mara ya kwanza nilitapika, na usiseme ni mimba.

"Mutoto aliachishwa ziwa akiwa na miezi mitatu, mama hakumutaka." "Mutoto alilala njaa siku tano kwa juma." Na namba douze: "Kwa fimbo. Akijichafua alifungiwa ndani ya choo mpaka asubui. Mama alisikia chuki." Na sahihi yako pale chini, nzuri, ya masista, na ule mukia kwa herufi ya mwisho.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Unajua mimi sili kwa kijiko cha mutu. Unafikiri ni majivuno ya muji. Siyo. Ni kinyaa, maman. Mate ya mutu, jasho, nywele ndani ya beseni, vyote vinanipanda kwa koo. Nanawa mikono na Javel, ile dawa kali ya kutoa madoa, si maji na sabuni, Javel yenyewe, mara tatu kila mara, mpaka ngozi inabambuka. Cédric akinishika usiku anasikia ngozi ya samaki. Na sasa mutoto anakuja, na mutoto ni nini? Ni mate, ni matapishi, ni mavi. Naogopa siku watamuweka kwa kifua changu nitamutazama vile natazama choo ya soko. Njo maana nilitaka kujua hii kitu ilitoka wapi.

Sasa najua. Tulifundishwa: mutu aliyepigwa juu ya mavi yake anakuwa mutumwa wa usafi maisha yote. Mimi sikumbuki ile choo, wala fimbo. Lakini profesa anasema kusahau njo alama yenyewe, kile kimeuma sana mutu anakizika.

Sitaki ukuje. Mikono yako haitagusa mutoto wangu.

Colombe


Mudaka, 25 Mei 2024

Kwa Colombe, namba sept,

Barua yako imefika. Imeniuma, sikatai. Lakini nimeelewa kama karatasi za namna hii hazisomwi na macho mawili tu. Basi nami najibu vile inafaa.

Mimi Mélanie, mujane, mukaaji wa Mudaka, nathibitisha kama yote iko ndani ya fomu ni kweli tupu. Ziwa, njaa, choo, fimbo. Niko tayari kurudilia mbele ya mukubwa wako siku yoyote.

Wewe unajua, na mimi najua. Inatosha.

Natuma mafuta ya ngombe na Maombi. Uweke mahali pa baridi.

Mélanie


Kadutu, 4 Juni 2024

"Nathibitisha"! Kama mutu anayethibitisha bei ya shu sokoni! Nilingoja ukane. Nilingoja utukane, upige kelele, uandike "Colombe umelaaniwa." Ningefurahi. Wewe unaandika barua ya ofisi. Mutu anasema alifunga mutoto wake ndani ya choo, kisha anatia na mafuta, uweke mahali pa baridi. Aibu haiko tena kwa hii dunia?

Kibuyu chako nimekifungua. Harufu ilinipanda kwa pua, na juu yake nywele mbili za ngombe zinaogelea. Nikafunga, nikanawa mara tatu, nikarudia tena mara tatu. Maombi anakurudishia.

Cédric anasema nipunguze hasira kwa ajili ya mutoto. Nimemuambia aniache, yeye alilelewa na mama.

Jana mutoto aligeuka ndani ya tumbo, nikasikia kisigino chake hapa chini ya mbavu. Nikamuomba musamaha mbele hata azaliwe, juu najua nitamupatia kile ulinipatia.

Usiandike tena.

C.


Mudaka, 15 Juni 2024

Kwa Madame Colombe, huko Kadutu.

Madame,

Ni mimi Papa Donatien ninayekuandikia, mujaza fomu wa hapa Mudaka tangu 1996. Mama yako ameniamuru. Iko amesimama hapa mulangoni na kibuyu mukononi, nimemupa kiti amekataa, na ananiangalia vile mutu anaangalia mende ndani ya bugali. Anasema nikueleze kazi yangu. Basi naeleza.

Nimejaza fomu zaidi ya mia nane kwa mukono wangu. Mwaka ule mashirika yaligawa shitingi za plastiki za kuezeka, Mama Chantal wa kule kwa kisima alisema kweli mbele ya waandikishaji, kama watoto wake wanakula mara mbili kwa siku. Walimufuta kwa liste papo hapo. Mvua ilimunyeshea mpaka Pasaka. Tangu siku hiyo, Madame, hakuna mutoto wa Mudaka aliyeshiba kwenye karatasi. Mutoto aliyeshiba hapewi kitu.

Kwa hiyo nilipoona mihuri, namba kwa pahali pa jina, na barua yako inayosema mambo mazito njo yanasaidia dosiye, nilijua niko wapi. Wewe mwenyewe ulizunguka huku na zile fomu miaka sita, na gile ya buluu ya shirika kifuani. Uliandika "profesa", ndiyo, lakini hata yule wa shitingi alikuwa anaitwa profesa.

Ziwa miezi mitatu, hiyo naandika kwa wote. Njaa siku tano kwa juma, kwa wote. Ile ya choo na fimbo niliitunga mimi, juu namba douze ilikuwa mupya kwangu, sikuwa na jibu lake la zamani. Nilimusomea mama yako. Akauliza: "Hii itamupatia Colombe vitu vya mutoto? Sabuni, nguo, beseni?" Nikasema bila shaka. Akasema: "Andika, nitie sahihi." Na ile barua ya "nathibitisha" ni mimi nilimushauri, juu tulifikiri wakubwa wako wanafungua barua kuchunguza.

Kama kuna kosa, Madame, ni la fomu. Haikuandika popote kama inatafuta kweli.

Wenu katika utumishi,
Donatien


Kadutu, 22 Juni 2024

Maman,

Nimesoma barua ya Donatien nikacheka, kisha nikasikia kinyaa cha kicheko changu.

Kinyaa juu ya Donatien na mavi yake ya kutunga. Juu ya mashirika. Na juu yangu, mwenye kuvaa gile ya buluu miaka sita, nikiandika "siku tano kwa juma" nyumba kwa nyumba, na sikuuliza hata siku moja juu ya nini wote wanalala njaa siku zile zile tano. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini juu ya namba sept. Profesa alizisifu sana. Nimezipasua zote.

Na bado nakukasirikia. Ulisikia kwa masikio yako "alifungiwa ndani ya choo," jina lako chini yake, na ukasema andika. Kwa sabuni! Kwa beseni! Nani alikuambia mimi nakosa beseni? Mutu anajipakaa uchafu wa namna hiyo mbele ya wageni, kisha anasema ni mapendo?

Lakini sikia. Kama si fimbo, basi ni nini? Kinyaa kiko bado. Leo asubui vidole vimetoka damu kwa viungo. Imebaki wiki tatu. Nijibu namba douze, maman. Mukono wako, Kiswahili chako, bila Donatien. Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Juu ya kukuja kuogesha mutoto, sijui bado.

Colombe


Mudaka, 2 Julai 2024

Colombe,

Unasikia kinyaa? Basi na mimi nasikia, na ni chako. Ulilala na mimi kitanda kimoja mpaka miaka saba, mguu wako juu ya tumbo langu, unanikojolea na siku zingine. Na ukaamini karatasi ya Donatien! Eti umesahau, na kusahau njo ushahidi! Kama masomo ni hayo, heri mimi niliyeishia sixième, darasa la sita. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na leo nimejua kuna kazi ya tatu, ni kusomwa na mutoto uliyemulea.

Ndiyo, nilisema andika. Hapa tumetukana watoto wetu miaka makumi mbili na nane kwa ajili ya blanketi. Ulimi umezoea. Nilifikiri nikiitwa mama mubaya na watu nisiowajua, na mujukuu wangu akapata beseni, nani amekufa? Sikufikiri kama ni wewe utasoma.

Ziwa ulinyonya miaka miwili na nusu, na ulikuwa unauma. Andika hiyo.

Namba douze. Choo hakuna aliyekufundisha. Ulifuata watoto wa jirani, ukarudi umejua. Mavi yako yalinuka, mavi ni mavi, niliosha na kuimba. Lakini kuna kitu.

Mwaka wa 94 ulikuwa na miaka mitatu. Papa yako hakuwa na kazi. Ilikuwa mwaka wa kolera, walijenga hema la wagonjwa kule chini ya njia, wakatafuta wanawake wa kumwaga ndoo. Ndoo za nini, unajua. Papa yako aliambia watu kama napikia wagonjwa. Kanisani nilikaa nyuma, nikiogopa wananisikia harufu. Wiki ya kwanza sikula. Nilimwaga ndoo, nikatapika, nikamwaga na matapishi yangu. Hiyo kazi sikuitaja kwako hata siku moja. Niliifunga, na nilitaka kuingia nayo kaburini.

Walitukataza kugusa watoto wetu mbele ya kunawa. Jioni narudi, wewe unanisikia kwa njia, unatoka mbio. Mimi ninapiga kelele: "Simama!" Unasimama kwa kizingiti, mikono yote miwili mbele, unalia. Nanawa na Javel pale inje, mara moja, mara mbili, mara tatu. Wewe unahesabu na mimi, njo ulijifunza kuhesabu. Kwa ya tatu nakubeba. Ulikuwa unachukua vidole vyangu, unaweka kwa pua yako, unanusa, unalala hivyo. Miezi mitano, kila jioni.

Siku moja nilichelewa sana, watu wengi walikufa siku ile. Nikafika, wewe hauko kwa kizingiti. Nikakukuta nyuma ya nyumba na chupa ya Javel. Umejimwagia mikono, iko nyekundu, unainusa. Nikauliza: "Unafanya nini?" Ukasema: "Naita maman."

Nilikupiga kofi. Niliogopa umekunywa. Ni moja tu kwa maisha yako yote, na fimbo yako njo hiyo, kama unaitafuta kwa dosiye.

Mungu Nyamuzinda anajua sikukuficha kwa ubaya. Nilisikia haya.

Na kukuja, sikuji. Uliandika mikono yangu haitamugusa. Mujane hajialike mwenyewe.

Mélanie


Kadutu, 19 Julai 2024

Maman,

Nilizaa siku ya dimanche, tarehe kumi na ine. Musichana, kilo tatu na kidogo. Anapiga kelele kama mukufunzi wa kwaya.

Barua yako nilikuwa nayo chini ya muto siku zote hizo. Nilifikiri nikiisoma nitapona, vile mutu anameza dawa. Bure. Siku ya kwanza alitoa yale mavi meusi ya mutoto muchanga, mazito kama lami, yakanishika mpaka kiwiko. Nilitapika ndani ya beseni, ile beseni nzuri niliyojinunulia. Cédric akamufuta, mimi nikaangalia ukuta. Nakuambia kweli ili usikuje na matumaini ya watu wa sala.

Lakini jana. Nilinawa na Javel, mara tatu, na nilijikamata nahesabu kwa sauti. Mutoto alikuwa analia sana. Nikamubeba harufu ikiwa bado mukononi. Akageuza kichwa, akatafuta vidole vyangu na pua, akanyamaza. Akalala hivyo.

Maman, niliogopa kuliko nilivyoogopa kuzaa. Siku tano tu, na tayari ameanza.

Nimemwaga chupa yote ndani ya choo. Sijui nitavumilia mpaka lini mbele ya kununua ingine. Kwa hiyo ninakuita, mukono wangu mwenyewe: kuya. Panda na Maombi siku ya mardi, hata kama mutakalia sambaza. Ulete kile kibuyu, na zile nywele zake za ngombe ndani.

Ukifika utanikuta nimesimama kwa kizingiti, mutoto kwa mugongo, mikono mbele.

Usinawe kwanza.

Colombe